SAUTI YA ORDINATERE INAPOTEA ASUBUHI: TUFANYE NINI?



Mwezi uliopita, mara tatu tulifungua ordinatere ya Linux asubuhi kwa funzo la kusikiliza Kifaransa, na sauti haikutoka. Jana yake ilikuwa inasema vizuri. Sisi wakapita tulisema mbio: "Ni ule mutoto wa kalasa ya saba, yeye ndiye aliigusa wa mwisho." Kidogo tu alipishwe feza ya bafle. Leo tunaandika kusudi mujue ukweli.

Kwanza, tulitia bafle ile kwenye telefone: ikaimba. Basi bafle ni nzima. Pili, tuliangalia waya: iko fasi yake, katika tundu la kijani. Tatu, tulifungua terminali, tukaandika alsamixer. Zikaonekana nguzo za sauti: Master, PCM na nyingine. (Kama huoni Master, bonyeza F6, uchague kadi ya sauti; pengine mashini imeshika kadi ya HDMI.) Chini ya Master kulikuwa MM, maana yake imefungwa. Tulibonyeza M, ikageuka 00, maana yake iko wazi. Kwa mshale wa juu tukapandisha mpaka 70, tukatoka kwa Esc. Sauti ikarudi.

Lakini kwa nini inajifunga tena? Hapa ndipo funzo lenyewe. Katika Linux, kazi ya sauti inashikwa na ALSA. Mashini ikizimwa vizuri, inaandika vipimo vya sauti katika faili /var/lib/alsa/asound.state. Ikiwaka, inasoma faili hiyo. Lakini hapa Kolwezi umeme unaweza kukatika bila hodi, na mashini yetu haina batri. Ikizimika hivyo, haiandiki kitu. Kesho yake inasoma vipimo vya zamani, MM ikiwa ndani. Na kweli, siku zile tatu zote umeme ulikatika mangaribi.

Dawa ni hii: kisha kutengeneza sauti, usingojee kuzima. Andika palepale: sudo alsactl store. Neno la siri, muombe mwalimu mwenye chumba. Washa mashini upya, ujaribu: speaker-test -c 2. Kuisimamisha, bonyeza Ctrl pamoja na C. Kwenye mashini mpya, juu ya ALSA kuna PulseAudio ao PipeWire, nayo inashika vipimo vyake. Angalia pia alama ya sauti kwenye skrini.

Tulimwita yule mutoto mbele ya kalasa yake, tukamuomba musamaha. Tulikuwa tumetafuta mwenye kosa mbele ya kutafuta kosa.

Maulizo:
1. MM na 00 maana yake nini?
2. Sababu gani kuchomoa waya haifai?
3. Ungeanza kuangalia wapi: bafle ao terminali? Eleza.

Leteni majibu kwa wakapita kabla ya siku ya posho.