Chokaa katika Maji ya Bwawa la Samaki

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, baadhi ya wananchi hufuga perege katika mabwawa yaliyochimbwa mabondeni. Maji ya bwawa yanaweza kuwa mengi na safi, lakini samaki wasikue vizuri. Sababu moja ni upungufu wa chokaa.

Kazi za chokaa

Chokaa ina madini yaitwayo kalsiamu. Madini haya hujenga mifupa ya samaki na nyumba ya konokono. Samaki huyapata katika chakula, na pia huyafyonza majini kwa matamvua yake.

Chokaa hupunguza pia nguvu ya asidi. Usiku, samaki na mimea ya majini hutoa kabonidayoksaidi. Hewa hii ikiyeyuka majini hufanya asidi. Maji yenye chokaa ya kutosha hayabadiliki sana, bali yasiyo na chokaa huwa na asidi nyingi alfajiri, na samaki hudhoofika.

Chokaa hutoka wapi?

Maji huyeyusha chokaa kutoka katika udongo na mawe. Vilima vingi vya Karagwe na Kyerwa vina miamba yenye chokaa kidogo, na mvua huendelea kuiondoa ile iliyomo katika udongo. Bahari haina upungufu huo: lita 1 ya maji yake ina miligramu 400 hivi za kalsiamu. Huko Unguja na Mafia, viumbe wadogo wa baharini huitumia kujengea matumbawe.

Jaribio

Vifaa: glasi 2, maji ya mvua, limau, maganda ya mayai na karatasi za litimasi za buluu.

1. Jaza maji ya mvua nusu ya kila glasi.
2. Saga maganda yawe unga. Tia vijiko 2 vya unga katika glasi ya pili.
3. Tia matone 5 ya maji ya limau katika kila glasi. Koroga, kisha uache hadi kesho yake.
4. Chovya karatasi ya litimasi katika kila glasi.

Katika glasi ya kwanza karatasi hugeuka nyekundu. Katika glasi ya pili hubaki buluu, kwa kuwa chokaa ya maganda imeiondoa asidi.

Kutunza bwawa

Kabla ya kujaza maji, mfugaji hunyunyiza chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, katika sakafu ya bwawa. Bwana Samaki humweleza kiasi kinachofaa. Mbolea hutiwa baada ya wiki 2 hivi. Kazi hii haiishi, kwa sababu maji yanayotoka bwawani huondoka na chokaa. Hivyo maji hupimwa mara kwa mara.

Angalia! Chokaa iliyochomwa ni kali. Huunguza macho na ngozi, na yaweza kuua samaki. Usiichezee.

Maswali

1. Taja kazi 2 za chokaa katika bwawa.
2. Kwa nini asidi huongezeka majini usiku?
3. Mfugaji alitia chokaa mara moja tu, miaka mingi iliyopita. Utamshauri nini?