Ngoma Isiyo na Ngoma: Sanaa ya Uwanjani Mjini Arusha

Uchambuzi wa muziki wa Kiafrika viwanjani umezoea kuanzia kwenye ngozi iliyowambwa. Ndivyo isemwavyo Congo Square, New Orleans, ambako Benjamin Latrobe alishuhudia mwaka 1819 watumwa wakipiga ngoma siku ya Jumapili. Kipimo hicho kikiletwa Arusha kinapwaya. Waarusha wa miteremko ya Mlima Meru, wasemaji wa Kimaa, huimba pasipo ngoma: olaranyani huanzisha, kundi humwitikia kwa mvumo mzito wa koo, na mapigo hutokana na pumzi na miruko. Hata hivyo, kundi hilo likialikwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid (uliopewa, kwa bahati njema, jina la mwandishi wa *Sheria za Kutunga Mashairi*), huitwa "kikundi cha ngoma". Hapa Kiswahili kimeitangulia nadharia, kwani neno hilo hutaja chombo, uchezaji na shughuli nzima. Fasili inayoshika chombo pekee huwafuta Waarusha katika historia ya sanaa za maonyesho. X Plastaz, kundi la rap lililoanzishwa Arusha mwaka 1996, halikungoja fasili: katika *Maasai Hip Hop* (2004), uimbaji wa Kimaasai wa Merege umewekwa bega kwa bega na ughani wa Kiswahili.