Somo la Robo Hii: Tuchunguze Udongo na Maji Karibu na Vituo vya Mafuta



Tunapofundishana juu ya maji safi, mara nyingi tunazungumzia vijidudu: choo kilicho karibu na kisima, ndoo isiyofunikwa, maji yasiyochemshwa. Safari hii tunaleta hatari ya aina nyingine, nayo ni petroli na dizeli zinazovuja kutoka kwenye matangi yaliyofukiwa chini ya vituo vya mafuta, au "sheli" kama wengi tunavyosema. Hatusemi kwamba Mzinga kuna tangi linalovuja. Tunasema kwamba mji wa Morogoro unapanuka, sheli zinajengwa kandokando ya barabara, na sharika zinaendelea kuomba visima. Mambo haya mawili yanaposogeleana, kamati inapaswa kujua la kuuliza kabla ya kuchimba.

Kwa nini uvujaji hauonekani

Tangi la chuma likikaa ardhini miaka mingi hushika kutu, na maungio ya mabomba hulegea. Tundu likipitisha lita 1 kwa saa, kwa siku ni lita 24, na kwa mwaka ni lita 8,760. Kituo kinachouza maelfu ya lita kila siku kinaweza kudhani ni makosa ya kupima tu.

Mafuta hayo huteremka kwenye udongo mpaka yafikie maji ya ardhini. Kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, huelea juu yake. Wakati wa masika maji hupanda na mafuta hupanda nayo; kiangazi yakishuka, udongo hubaki umepakwa mafuta. Sehemu ya kemikali zake huyeyuka na kusafiri pamoja na maji.

Kemikali tunayoiogopa zaidi ni benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 0.01 katika lita moja ya maji ya kunywa. Hebu tupige hesabu. Petroli ambayo asilimia 1 yake ni benzini ina takriban gramu 8.8 za benzini katika kila lita. Kiasi hicho kinatosha kufikisha lita 880,000 za maji kwenye kikomo hicho, yaani ndoo 44,000 za lita 20. Tena pua huchelewa: benzini hupita kikomo mara nyingi kabla mtu hajaisikia harufu yake. Dawa ya klorini haiiondoi. Kuchemsha nako si tiba ya kutegemea, kwani mvuke wake hubaki jikoni kwa akina mama na watoto.

Yaliyotokea kwingine

Nchini Marekani, ambako matangi haya yamesimamiwa kwa sheria maalumu tangu miaka ya 1980, uvujaji uliothibitishwa umepita mara 500,000. Jirani zetu Kenya, mwaka 2015 iligundulika kwamba bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi limevuja huko Thange, Kaunti ya Makueni. Hilo ni bomba, si tangi la sheli, lakini madhara ni yale yale: udongo, mto na visima vilichafuka, na wakulima wakapoteza maji waliyoyategemea. Julai 2025, miaka kumi baadaye, mahakama iliamuru walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi za Kenya. Kusafisha na kudai haki huchukua miaka. Kuuliza mapema huchukua siku chache.

Wataalamu huchunguza vipi

1. Huanza na daftari. Mafuta ya jana, jumlisha yaliyopokelewa, toa yaliyouzwa. Jibu lilingane na kijiti cha kupimia tangi. Upungufu unaojirudia ni dalili.
2. Tangi na mabomba hupimwa kama yanashikilia presha.
3. Hutoboa udongo kwa kina mbalimbali na kuchukua sampuli. Chupa hufungwa barabara na kuwekwa kwenye deli lenye barafu, kwa sababu petroli hupaa upesi.
4. Huchimba angalau mashimo matatu yaliyokaa kama pembetatu na kupima kimo cha maji katika kila shimo. Hivyo hujua maji ya ardhini yanaelekea wapi, na ni visima gani viko mbele ya uchafu.
5. Sampuli hupelekwa maabara yenye mashine ya kutambua kemikali za mafuta.

Wanakamati, hatua ya mwisho izingatiwe. Kipimo cha kawaida cha kisima huangalia vijidudu, chumvi na floridi. Kisima kinaweza kufaulu vipimo hivyo vyote huku kikiwa na benzini, kwa sababu hakuna aliyeitafuta.

Kwetu Mzinga

Mto Mzinga hutoka Uluguru na kuingia Bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro unalitegemea kwa maji. Kwa kawaida maji ya ardhini nayo hufuata mteremko. Kwa hiyo kisima kilicho chini ya sheli au gereji kiko hatarini kuliko kilicho juu yake, hata kama umbali ni sawa.

Harufu ikisikika kisimani, msitumie maji hayo, wala mtu asiingie kuchungulia na taa ya moto au sigara. Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, ilitufundisha kwa uchungu jinsi petroli inavyowaka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Toeni taarifa kwa serikali ya mtaa, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na EWURA. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na inataka anayechafua alipe.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba jambo moja: pale ambapo sheli au gereji iko karibu, bajeti ya kisima iwe na fungu la kipimo cha mafuta. Kisima kizuri chenye jiwe la uzinduzi si msaada ikiwa maji yake yanaumiza.

Maswali ya kujadili

1. Je, kuna sheli, gereji au tangi la zamani lililoachwa juu ya mteremko wa kisima chetu?
2. Cheti cha maji tulichonacho kilipima nini, na hakikupima nini?
3. Harufu ikisikika leo, nani katika kamati atatoa taarifa, na washarika watachota maji wapi kesho?