Wanga wa Muhogo Katika Tumbo la Ng'ombe wa Maziwa

Muhogo haukosekani katika mashamba ya Pemba, toka Wete hata Mkoani, na mwenye ng'ombe wa maziwa aghalabu huyakumbuka masalio yake: maganda, mizizi midogo, makopa. Muhogo ni chakula cha nguvu, husema, na nguvu huleta maziwa. Ni kweli, lakini kwa kiasi. Ukizidi, huweza kumwua ng'ombe huyo huyo.

Mwanafunzi aliyepata kuchanganya mate yake na uji mwepesi wa wanga, akangoja kidogo, kisha akatia iodini, ameona jinsi rangi ya buluu inavyokosa kutokea. Mate ya binadamu yana kimeng'enya kivunjacho wanga. Ya ng'ombe hayana. Wanga aumezao huingia tumbo kuu, ambalo kwa ng'ombe mkubwa huchukua zaidi ya lita 100, na humo bakteria huuchachusha kabla mnyama mwenyewe hajaufaidi. Glukosi imfikiayo kutoka utumboni ni haba. Riziki yake hasa ni mazao ya uchachushaji huo: asidi ya asetiki, ya propioniki na ya butiriki.

Nyasi huzaa zaidi ile ya asetiki, ambayo kiwele huitumia kutengenezea mafuta ya maziwa. Wanga huzidisha ya propioniki. Hii huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, ikageuzwa glukosi. Kiwele nacho huifanya glukosi kuwa laktosi, na laktosi ndiyo ivutayo maji kuingia katika maziwa. Hivyo kipimo cha maziwa huongezeka.

Lakini wanga wa muhogo huchachuka upesi. Beseni zima likiliwa kwa mara moja, asidi hutokea kwa kasi kuliko iwezavyo kusharabiwa. Mate yenye bikaboneti huipunguza ukali, nayo humwagika kwa wingi ng'ombe anapocheua. Ila muhogo hauna nyuzi za kutosha kumfanya acheue. pH ikishuka chini ya 5.5, bakteria wala nyuzi hudhoofika, mafuta ya maziwa hupungua, na bakteria watoao asidi ya laktiki hutawala. Mnyama huacha kula, huhara, pengine hufa. (Sumu ya muhogo mchungu ni jambo jingine; hiyo hupungua muhogo ukikatwakatwa na kuanikwa.)

Kwa hiyo makopa hutolewa kidogo kidogo, asubuhi na jioni, ng'ombe akiisha kula majani, na huongezwa taratibu kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Tena muhogo una protini chache, na bakteria hawakui bila naitrojeni. Majani ya glirisidia au mashudu ya nazi huwapatia.