Somo: Mgonjwa Asiye na Mlango

Tumezoea kumwita "teja" kijana alalaye barazani, tukidhani ni mvivu tu. Tujifunze. Aliyezoea heroini akiikosa hupatwa na arosto: mifupa humwuma, hutapika, usingizi humtoroka. Huo ni ugonjwa, na dawa ipo. Tangu mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, hutoa methadoni, inywewayo kila siku mbele ya mhudumu. Kifua kikuu nacho kwa kawaida hutibiwa kwa miezi 6. Lakini asiye na nyumba ataweka wapi vidonge? Nani atamwamsha aende kliniki? Sisi tuliomfukuza barazani tumemtenga na dozi yake.

Swali la kujadiliana: Mtaani kwetu, nani atamsindikiza kesho?