VITA VYA VIETNAM: MKULIMA NA ASKARI

Vietnam ni nchi ndefu na nyembamba iliyoko Asia ya Kusini Mashariki. Mwaka 1954, Wafaransa walipokwisha kushindwa huko Dien Bien Phu, nchi iligawanywa sehemu mbili. Kaskazini ilitawaliwa na Wakomunisti, na Kusini ilikuwa na serikali iliyosaidiwa na Marekani. Vita vilivyofuata vilikwisha tarehe 30 Aprili 1975. Somo hili halihusu majemadari, bali lahusu mkulima wa mpunga na askari wa kawaida.

MKULIMA

Mchana askari wa serikali walifika kijijini wakiwatafuta wapiganaji wa msituni, walioitwa Viet Cong. Usiku wapiganaji hao walikuja wakitaka mchele, habari na vijana. Aliyewapa chakula alihesabiwa adui na serikali. Aliyewanyima aliitwa msaliti na wao. Basi mkulima hakuwa na njia ya kukaa kando.

Mwaka 1962 serikali ya Kusini ilianza kuwakusanya watu katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na boma la mianzi, ili wapiganaji wasipate msaada. Nia ilikuwa ulinzi, lakini wengi walihamishwa bila hiari yao, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Kwa Wavietnam kutunza makaburi ya wazee ni wajibu mkubwa wa kila ukoo. Kwa hiyo waliohamishwa waliichukia serikali iliyotaka kuwalinda, na mpango ukavunjika baada ya Rais Ngo Dinh Diem kupinduliwa na kuuawa Novemba 1963.

Tena, tangu 1962 hata 1971, ndege za Marekani zilinyunyiza zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea, ili adui akose maficho na chakula. Dawa iliyojulikana zaidi, Agent Orange, ilikuwa na sumu ya dayoksini, ambayo mahali pengine ilidumu ardhini kwa miaka mingi.

ASKARI

Mwaka 1969 askari wa Marekani waliokuwa Vietnam walizidi 540,000. Wengi walikuwa vijana wasiojua lugha ya wenyeji, na adui mara nyingi alivaa nguo za mkulima. Mabomu yaliyotegwa njiani yaliwakata miguu wasimwone aliyeyatega. Hofu hiyo ikazaa chuki. Tarehe 16 Machi 1968, huko My Lai, askari wa Marekani waliwaua wanakijiji wasio na silaha. Wavietnam walihesabu maiti 504. Siku hiyohiyo rubani Mmarekani, Hugh Thompson, alitua na helikopta yake kati ya askari na wanakijiji, akawaokoa baadhi yao.

Askari wa Kaskazini nao walisafiri kwa miguu miezi kadhaa milimani, wakiteswa na malaria, njaa na mabomu. Wengi walizikwa mahali ambapo jamaa zao hawakupajua.

BAADA YA VITA

Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa. Wengi waliorudi salama mwilini waliendelea kusumbuliwa na ndoto za vita, na mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliupa ugonjwa huo jina rasmi. Vietnam, katika jimbo la Quang Tri, mabomu yaliyobaki ardhini yaliendelea kuwaua wakulima miaka mingi baada ya amani.

MASWALI

1. Kwa nini mkulima hakuweza kukaa kando?
2. Kwa nini mpango wa vijiji vya boma uliwachukiza watu?
3. Rubani Thompson alifanya nini ambacho wenzake hawakufanya?