Kuipima Programu Kabla ya Kuipokea: Somo Kutoka Mizani ya Dhahabu

Mnunuzi wa dhahabu anapoweka mizani mezani, neno lake peke yake halimhakikishii mchimbaji kwamba mizani hiyo ni sahihi. Hapana budi ikaguliwe na Wakala wa Vipimo. Mkaguzi huweka juu yake jiwe ambalo uzito wake umekwisha kujulikana, kisha husoma mizani inavyosema. Tofauti ikizidi kiasi kinachoruhusiwa, mizani hukataliwa. Kanuni iliyomo katika kazi hiyo ni moja: chombo hupimwa kwa kitu ambacho jibu lake linajulikana kabla ya kipimo.

Programu ya kompyuta nayo ni chombo, na kanuni hiyo hiyo huihusu. Mtengenezaji wa programu huijaribu kwanza yeye mwenyewe ili aone kama inatenda kama alivyoiandika. Lakini lipo swali la pili: je, inatenda kazi ambayo watumiaji wanaihitaji? Swali hilo hujibiwa na watumiaji wenyewe, katika hatua ya mwisho iitwayo jaribio la kukubaliwa.

Historia ya Tanzania inaonyesha uzito wa jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jitihada za kuziweka hesabu za Serikali katika kompyuta hazikufanikiwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilidumu kwa miaka mingi. Chombo kisichowafaa watumiaji huweza kuondoa imani ya watu katika fani nzima.

Mfano wa soko la dhahabu

Mwezi Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa mjini Geita, na masoko mengine yakafuata, likiwamo la Kahama mkoani Shinyanga. Wakati huo dhahabu ilitozwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ichukuliwe kwamba programu mpya imeletwa sokoni ili kukokotoa malipo na kutoa stakabadhi. Kwa ajili ya zoezi hili tu, bei ya dhahabu safi iwe shilingi 100,000 kwa gramu, na usafi wa dhahabu iliyoletwa uwe asilimia 90.

Kabla ya kuigusa kompyuta, watumiaji hukokotoa majibu kwa mkono na kuyaandika katika daftari la majaribio:

Jaribio la 1. Uzito gramu 12.5. Dhahabu safi ni gramu 11.25, thamani yake shilingi 1,125,000. Makato ya asilimia 7 ni shilingi 78,750. Mchimbaji apate shilingi 1,046,250.

Jaribio la 2. Uzito gramu 0.4. Dhahabu safi ni gramu 0.36, thamani yake shilingi 36,000. Makato ni shilingi 2,520. Mchimbaji apate shilingi 33,480.

Jaribio la 3. Karani anaandika 125 badala ya 12.5. Programu imtake athibitishe uzito huo kabla ya kuendelea.

Jaribio la 4. Uzito sifuri, au usafi unaozidi asilimia 100. Programu ikatae.

Jaribio la 5. Kiwango cha mrabaha kinabadilishwa. Stakabadhi za zamani zibaki kama zilivyokuwa. Jaribio hili si la kubuni tu, kwani mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6.

Jaribio la 2 linastahili kutazamwa kwa makini. Programu inayokadiria uzito kwa gramu kamili itaigeuza gramu 0.4 kuwa sifuri. Mwenye kilo nzima hataona hasara kubwa, bali mchimbaji mdogo aliyeshinda kwenye karasha na mwalo ataondoka mikono mitupu. Kwa hiyo majaribio huelekezwa zaidi kwenye mipaka: kiasi kidogo kabisa, kiasi kikubwa kabisa, na maandishi yenye makosa.

Mahali na watu wa jaribio

Jaribio hufanywa mahali pa kazi, katika hali ya kazi. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, je, kumbukumbu zitapotea? Mtandao ukikosekana, je, mauzo yatasimama? Ikiwa programu humtambua mtu kwa alama za vidole, ijaribiwe kwa mikono ya wavunja mawe, kwani kazi hiyo hulainisha mistari ya vidole hata chombo kikashindwa kuisoma. Ndiyo maana uandikishaji wa wapiga kura kwa alama za vidole ulitanguliwa, Desemba 2014, na majaribio katika maeneo ya hali tofauti: Kawe jijini Dar es Salaam, Kilombero na Mlele.

Kila jaribio huandikwa katika safu nne: kilichoingizwa, jibu lililotarajiwa, jibu lililopatikana, na uamuzi. Kasoro hupewa namba na daraja la uzito. Kasoro ikisharekebishwa, majaribio yote hurudiwa, kwa kuwa rekebisho la mahali pamoja huweza kuharibu pengine. Masharti ya kuipokea programu huandikwa kabla ya jaribio kuanza. Yakiandikwa baadaye, huelekea kufuata matokeo badala ya kuyahukumu.

Maswali ya kujipima

1. Kokotoa malipo ya mchimbaji mwenye gramu 3.2 zenye usafi wa asilimia 85, kwa bei na makato yaliyotumika hapo juu.

2. Andika majaribio matano ya programu ya kujumlisha alama za mitihani shuleni. Angalau mawili yawe ya mipakani.

3. Kwa nini jibu linalotarajiwa huandikwa kabla programu haijaendeshwa? Linganisha na ukaguzi wa mizani.